Majina ya Kale kama Funguo za Maktaba: Mfano wa Malindi na Wamijikenda

Mtafiti wa fasihi aingiapo maktabani huanza na neno. Akitafuta katika katalogi kwa neno lisilofaa, atatoka mikono mitupu, na huenda akahitimisha kwamba jambo alitafutalo halijapata kuandikwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa mtafiti wa Malindi na Kilifi, neno la kutafutia halina budi kufuata kipindi ambamo kitabu kiliandikwa.

Tuchukue fasihi simulizi ya Wamijikenda. Jina hili lilishika katika miaka ya 1940. Kabla ya hapo watu hawa waliitwa Wanyika, yaani watu wa porini, jina lenye dharau. Hata hivyo, kamusi ya Krapf na Rebmann iliyochapishwa 1887 imebeba jina la "Nika". Naye W. E. Taylor, katika kitabu chake cha msamiati na makusanyo cha 1891, aliandika "Giryama", si "Giriama". Basi atafutaye kwa "Mijikenda" pekee atapata kazi za karibuni, kama ile ya Thomas Spear kuhusu kaya (1978), na kuwakosa mashahidi wa karne ya 19.

Miji nayo ina hali iyo hiyo. Wareno waliandika "Melinde", na ndivyo Camões alivyouita mji huo katika utenzi wake wa 1572. Magofu ya Gede yamo katika maandishi ya James Kirkman, aliyeanza kuyachimbua 1948, kwa jina la "Gedi".

Utanzu pia una majina yake. Taylor alipochapisha methali za Kiswahili 1891, kitabu alikiita *African Aphorisms*. Anayetafuta kwa neno la kawaida la Kiingereza, *proverbs*, aweza kukipita.

Kutokana na mifano hii, inafaa mtafiti aorodheshe kwanza majina na tahajia zote za mahali, jamii na utanzu. Aliweke kila jina katika kipindi chake. Kisha ayatafute mawili mawili, akiandika lipi lilileta nini.

Lakini jina la kale litumike kutafutia tu. Mtafiti aliyefikia kamusi ya 1887 kwa neno "Nika" hana ruhusa ya kuwaita wenyewe hivyo katika tasnifu yake. Wala asiseme kwamba Wagiriama hawakuwa na fasihi iliyohifadhiwa, kabla hajaitafuta kwa kila jina walilopewa.