Programu ya kuhariri sauti

Programu ya kuhariri sauti ni programu ya kompyuta inayomwezesha mtumiaji kurekodi sauti, kuikata, kuiunganisha, kuisafisha na kuihifadhi katika faili. Hutumiwa na watangazaji wa redio, wanamuziki, watafiti wa lugha na wahifadhi wa kumbukumbu. Mifano ni Audacity, Adobe Audition, Pro Tools, Ardour na FL Studio.

Historia

Kabla ya kompyuta, sauti ilihaririwa kwa kukata tepu ya sumaku kwa wembe na kuunganisha ncha zake kwa utepe wa gundi. Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ilirekodi bendi nyingi za muziki wa dansi kwa kutumia tepu. Kipande kikikatwa vibaya, kukirudisha kilikuwa kazi ngumu.

Audacity ilitolewa mwaka 2000. Waanzilishi wake ni Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Ni programu huria inayopatikana bure kwa Windows, macOS na Linux. Mwaka 2021 ilichukuliwa na kampuni ya Muse Group. Adobe Audition ilitokana na Cool Edit Pro, ambayo Adobe iliinunua mwaka 2003.

Maboresho yanayohitajiwa na watumiaji

Kazi ya kuhariri huchukua muda mrefu kuliko kurekodi. Kwa hiyo watumiaji huomba hasa mambo yanayopunguza hatua za kazi na hatari ya kupoteza sauti.

Uhariri usioharibu. Katika uhariri unaoharibu, kila badiliko huandikwa juu ya sauti yenyewe. Mtumiaji anaweza kutendua wakati programu iko wazi, lakini akishaifunga hawezi kurudi nyuma. Katika uhariri usioharibu, sauti ya awali hubaki salama na programu hukumbuka tu maagizo. Audacity 3.1 ya mwaka 2021 iliruhusu ncha za kipande zilizopunguzwa kuvutwa tena. Toleo la 3.2 la mwaka 2022 liliongeza athari zinazosikika papo hapo na zinazoweza kuondolewa baadaye.

Mradi katika faili moja. Zamani mradi wa Audacity ulikuwa na faili dogo la maelezo pamoja na folda ya sauti. Aliyenakili faili dogo peke yake kwenye flashi alifika kwenye kompyuta nyingine bila sauti yoyote. Tangu toleo la 3.0 la Machi 2021, vyote huwekwa katika faili moja la aina ya aup3.

Kuokoa kazi. Mahali ambapo umeme hukatika, programu inapaswa kuhifadhi kazi yenyewe na kuirejesha kompyuta inapowashwa tena.

Kazi za mkupuo. Mwenye mafaili mengi huhitaji kuyapunguzia kelele au kuyasawazisha kwa agizo moja, badala ya kufungua faili moja baada ya jingine. Audacity hufanya hivyo kwa makro.

Njia za mkato za kibodi. Kukata, kusikiliza na kuweka alama bila kugusa kipanya huharakisha kazi. Pia huwasaidia watumiaji wasioona.

Ukubwa wa mafaili

Sauti ya kiwango cha CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ikiwa na biti 16, katika mikondo miwili. Hiyo ni takriban megabaiti 10.6 kwa dakika, au 635 kwa saa. Kwa sababu hiyo, wenye kompyuta ndogo huhitaji programu isiyotumia nafasi na kumbukumbu nyingi.

Matumizi katika lugha za Afrika Mashariki

Mahojiano marefu ni rahisi kuhariri yakiwa na maandishi yake. Whisper, mfumo uliotolewa na OpenAI mwaka 2022, hugeuza maneno kuwa maandishi, na Kiswahili ni kati ya lugha zake. Kinyaturu, lugha ya Wanyaturu wa Mkoa wa Singida, hakimo. Hivyo anayerekodi masimulizi ya wazee katika kata kama Mandewa, Manispaa ya Singida, hulazimika kusikiliza yote na kuweka alama kwa mkono pale mada inapobadilika.

Kwa rekodi za namna hiyo, kosa la uhariri lina uzito wa pekee, kwa kuwa msimulizi anaweza asipatikane tena. Desturi ya wahifadhi ni kuweka rekodi ya awali bila kuigusa, kuihifadhi mahali zaidi ya pamoja, na kuhariri nakala. Faili la awali huwekwa katika muundo wa WAV, usiopunguza ubora. MP3, ambayo hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, hutumiwa kwa nakala za kusambaza.

Tazama pia

Redio
Programu huria
Mkoa wa Singida