Hatari Iliyolala Tabaka la Chini

Juu ya mji wa Andermatt, katika milima ya Alpi nchini Uswisi, kuna msitu mdogo ambao shoka limekatazwa kuugusa tangu mwaka 1397. Hati ya mwaka huo ilipiga marufuku hata kuokota matawi. Wenyeji hawakuwa na chombo cha kupimia theluji. Walijua tu kwamba miti ikiondoka, mlima utawashukia. Huko Frauenkirch, karibu na Davos, ukuta wa nyuma wa kanisa umechongoka kama gubeti la jahazi, ili theluji ikiporomoka ipasuke na kupita kando.

Naiheshimu sana hekima hiyo. Lakini ilikuwa hekima ya kujikinga. Theluji yenyewe ilibaki fumbo.

Mwaka 1936 watafiti walijenga kibanda cha theluji huko Weissfluhjoch, juu ya Davos, zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, wakakifanya maabara. Miongoni mwao walikuwa Robert Haefeli na Henri Bader. Walichimba mashimo, wakakagua kuta zake tabaka kwa tabaka, kama bwana shamba anavyokagua udongo.

Waliona kwamba theluji haibaki jinsi ilivyoanguka. Ikiwa nyembamba mwanzoni mwa majira ya baridi, na usiku ukawa hauna mawingu, juu hupoa vikali huku chini, penye ardhi, pakibaki na joto kidogo. Mvuke hupanda kutoka chini na kugandia kwenye punje. Punje hizo hunenepa kama chumvi ya mawe, wala hazishikani. Wiki kadhaa baadaye theluji nyingi huanguka juu yake, ikashikamana kuwa bamba zito. Hapo, kwenye mteremko wa digrii 30 au zaidi, uzito wa mtu mmoja tu anayeteleza unaweza kulivunja bamba na kuushusha mlima mzima. Ndilo linalonitia hofu kuliko yote: msiba wa Februari huenda ulianza Novemba, siku za jua na anga safi, wakati kila mtu akifurahia mandhari.

Kujua hakukutosha. Katika majira ya baridi ya 1950 hadi 1951, maporomoko ya theluji yaliua watu 98 Uswisi. Andermatt pekee, yenye msitu wake uliotunzwa karne zote hizo, ilipoteza 13 tarehe 20 Januari 1951. Ndipo kasi ya kujenga vizuizi kwenye miteremko ya juu na kuchora ramani za hatari ilipoongezeka. Februari 1999 theluji nyingi ilirudi. Uswisi ilizika watu 17. Ng'ambo ya mpaka, huko Galtür nchini Austria, walikufa 31, wengine katika nyumba zilizojengwa mahali ambapo ramani ilipahesabu kuwa salama.

Uwanja wa vipimo wa Weissfluhjoch haujafungwa. Kila baada ya wiki mbili, majira yote ya baridi, watafiti hushika koleo, wakachimba shimo jipya hadi ardhini, na kuzigusa punje za chini kwa vidole.