Kunusurika na Kupona: Historia ya Tiba ya Malaria Kali na Funzo Lake kwa Gisenyi

Makala haya yanachunguza namna maana ya "kupona" ilivyobadilika katika historia ya tiba ya malaria kali, na uzito wa badiliko hilo kwa Gisenyi, wilayani Rubavu. Mji huu wa nyanda za juu, ulio kando ya Ziwa Kivu, unapakana na Goma, na Kiswahili husikika humo sambamba na Kinyarwanda. Palipo na maambukizi machache kinga ya mwili huwa hafifu. Kwa hiyo hata homa chache zaweza kuwa kali.

Kwa miongo mingi kupona kulimaanisha kutokufa. Kipimo hicho kilizaa mafanikio. Mwaka 2010, utafiti wa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Rwanda ikiwamo, ulithibitisha kuwa sindano ya atesuneti ilishusha vifo hadi 8.5%, ilhali kwa kwinini vilikuwa 10.9%.

Hata hivyo, watafiti wa Kilifi, nchini Kenya, waliwapima upya watoto miaka kadhaa baada ya malaria ya ubongo. Takriban robo yao walikuwa na upungufu, ukiwamo wa lugha. Wengine walipata kifafa. Utafiti wa Kampala uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha hali kama hiyo: miaka 2 baada ya ugonjwa, robo ya watoto walikuwa na udhaifu wa utambuzi.

Lugha ya kila siku huficha uhusiano huu. Huko Bagamoyo, katika miaka ya 1990, ilibainika kuwa wazazi wengi hawakuihusisha degedege na malaria. Vivyo hivyo, mtoto aliyeruhusiwa kwa neno "amepona", kisha akashindwa kufuata masomo, ataitwa mzito wa akili. Hakuna atakayeikumbuka homa.

Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, kina maneno mawili ya kutosha: kunusurika na kupona. Inapendekezwa kwamba mzazi aelezwe, siku ya kuruhusiwa, kuwa mtoto amenusurika, na apewe tarehe ya kurudi kupimwa usemi, kumbukumbu na mwendo. Neno "amepona" liandikwe baada ya vipimo hivyo.