Mfalme Alibeba Hadi Michungwa

Hadithi inayopendwa kuhusu kasri la Vaux-le-Vicomte huenda hivi: tajiri alimwalika mfalme kwake, mfalme akaingiwa na wivu, tajiri akatupwa jela. Ni tamu kusimulia, lakini mimi naona inamwachilia mfalme haraka mno.

Tajiri mwenyewe ni Nicolas Fouquet, msimamizi wa hazina ya Ufaransa. Nyumba aliijenga mashambani karibu na mji wa Melun, kusini-mashariki mwa Paris. Louis Le Vau akachora jengo, Charles Le Brun akapamba ndani, André Le Nôtre akatengeneza bustani. Na walimfanyia kazi, bana! Kasri limezungukwa na handaki la maji kama ngome ya kale, ila hakuna adui anayengojewa. Ni pambo tu. Ukisimama upande wa mbele unaona hadi bustani ya nyuma, kwa sababu milango ya katikati imefuatana mstari mmoja, ikipitia ukumbi wenye umbo la yai ulio chini ya kuba. Bustani nayo inakuchezea macho. Kutoka kwenye ngazi unadhani umeiona yote. Anza kutembea sasa: vidimbwi vinazidi kuwa mbali, kisha ghafla unakuta mfereji mpana, urefu wake karibu kilomita moja, ambao hukuwa umeuona kabisa. Le Nôtre aliuficha kwa kuteremsha ardhi.

Tarehe 17 Agosti 1661 Fouquet alimkaribisha Louis XIV hapo. Kulikuwa na karamu, fataki na mchezo mpya wa Molière. Tarehe 5 Septemba, siku mfalme alipotimiza miaka 23, Fouquet alikamatwa mjini Nantes na d'Artagnan (ndiyo, yule wa sinema, alikuwa mtu wa kweli).

Lakini kesi kama hiyo haipikwi kwa siku 19. Mpango ulikuwepo kabla ya fataki, na Colbert alikuwa amemjaza mfalme maneno kitambo. Fouquet alichanganya pesa zake na za serikali; hapo simtetei. Ila Kardinali Mazarin, aliyeendesha nchi hadi alipofariki Machi mwaka huohuo, aliacha mali nyingi kumshinda Fouquet. Na nani alikuwa akimsimamia mali hiyo? Colbert huyohuyo.

Kesi ilivutwa miaka mitatu. Mwaka 1664 majaji 13 kati ya 22 waliamua Fouquet afukuzwe nchini. 9 walitaka auawe. Mfalme akaibadilisha hukumu, na si kwa kuipunguza: kifungo cha maisha. Fouquet alifia katika ngome ya Pignerol, milimani, mwaka 1680.

Kutoka kwenye nyumba yake mfalme alibeba mazulia ya ukutani, sanamu, hata michungwa. Kisha akawachukua Le Vau, Le Brun na Le Nôtre walewale, akawapa kazi Versailles. Kule Vaux, Le Brun alikuwa amepanga kuchora kasri la Jua ndani ya kuba la ukumbi ule wa yai. Mchoro huo haukuwahi kupakwa.