Mabaki ya Msitu: Jina la Kibera

Atafutaye mabaki ya Warumi huchimba kuta. Kibera, Nairobi, hakuna kuta za kuchimbwa: askari Wanubi wa KAR, waliokaa huko tangu mwanzoni mwa karne ya 20, walijenga kwa udongo. Yaliyosalia ni majina. Kibra, kwa Kinubi, ni msitu. Kinubi ni lugha yenye asili ya Kiarabu. Neno hili, hata hivyo, laelekea Kiganda, ekibira, na kudokeza kwamba njia ya kutoka Sudan ilipitia Uganda. (Kawangware nayo yamhifadhi ngware wa Kikuyu, yaani kwale.) Ushahidi huu si mdogo: mwaka 1918 eneo lilitangazwa kuwa hifadhi ya kijeshi ya ekari 4,197, hati waliyopewa Wanubi mwaka 2017 ilitaja ekari 288.