Kaniki, Merikani na Vitenge vya Mwatex

Ndugu zangu, husemwa mara kwa mara kwamba mtu wa Mwanza hupenda bidhaa za kigeni kwa sababu ya kasumba ya ukoloni. Historia ya nguo katika pwani hii ya ziwa haikubaliani na maneno hayo.

Kabla ya kuja Wadachi, pamba ilifumwa bara. Burton alipofika Unyamwezi mwaka 1857 aliwakuta wafumaji kazini. Lakini tayari misafara ilikuwa ikileta merikani kupitia Unguja, nguo ngumu isiyotiwa rangi, iliyofumwa Massachusetts. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikata biashara hiyo. Waingereza, kisha viwanda vya Bombay, wakashika nafasi. Jina likabaki merikani. Mnunuzi aliujua uzito wa nguo aliyoitaka, na mwenye kiwanda ilimpasa kumfuata.

Kaniki nayo ilitoka Bara Hindi. Leo nani atamwambia mganga wa Kisukuma kwamba kaniki aliyojifunga ni nguo ya kigeni? Imeingia katika matambiko, imekwisha kuwa ya wenyewe. Kwa maoni yangu, jambo hili lina uzito kuliko hotuba zote za "nunua vya nyumbani".

Miaka ya 1960 ilipokuwa ikimalizika tukapata Mwatex, ili pamba ya Usukuma ifumwe papa hapa Mwanza. Aliyevaa kitenge chake pengine ndiye aliyeilima pamba, au alikuwa na ndugu kiwandani. Fahari ya namna hiyo haihitaji kuhubiriwa. Kisha, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zikaadimika, vipuri vikakosekana, foleni na magendo vikashamiri, hata ikaja kampeni ya wahujumu uchumi mwaka 1983. Mwaka uliofuata serikali ililegeza uingizaji wa bidhaa, na mitumba ikamiminika. Kiwanda kikasimama katika miaka ya 1990. Nguo ya nyumbani ndiyo iliyotangulia kuondoka dukani, mnunuzi hakuikimbia.

Sehemu kubwa ya pamba yetu bado husafirishwa ikiwa pamba nyuzi, nasi twanunua vitenge vya China. Kamati inatafuta kitenge cha sare ya sherehe yetu. Naomba, kabla ya kubishania rangi, iulize kwanza bei katika viwanda vya nchini.