Papasi wa njia ya misafara

Kabla reli ya kati haijafika Kilosa, misafara ya Bagamoyo ilipanda bara kwa bonde la Mkondoa. Wapelelezi nao walipita huko: Richard Burton mwaka 1857, Henry Stanley mwaka 1871. Jioni wapagazi walitua mizigo na kulala chini, katika vibanda vilivyokwisha kulaliwa na wengine. Usiku papasi, jamii ya kupe, walitoka kwenye nyufa, wakanyonya damu kwa kama nusu saa, wakarudi mafichoni kabla ya mapambazuko. Siku chache baadaye homa kali ilianza, ikaacha, ikarudi tena.

Mwaka 1905 Mjerumani Robert Koch alikuja kuichunguza homa hiyo. Aliwakuta papasi kwenye vituo vya misafara, akaona ndani yao bakteria waliojisokota kama skurubu. Bakteria hao waliingia hata kwenye mayai ya papasi: papasi humrithisha mwanawe ugonjwa. Mwaka huohuo, huko Kasongo, mashariki mwa Kongo, Mwingereza Joseph Dutton alifariki akiitafiti homa hiyohiyo. Bakteria huyo leo anaitwa Borrelia duttonii.

Mbona homa hurudi? Mwaka 1982 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba bakteria mmoja wa jamii hiyo, Borrelia hermsii, aliweza kutoa uzao wenye aina 24 za protini ya uso wa seli. Jeni za protini hizo ni nyingi, ila husomwa moja tu kwa wakati mmoja. Kinga ya mwili inapowaua wenye protini iliyozoeleka, wachache waliokwisha kuibadili husalimika na kuongezeka, na homa hurudi.

Mwaka 2007 Meghan Lybecker na Scott Samuels walieleza swichi nyingine, kwa ndugu wa bakteria hao, yule wa ugonjwa wa Lyme. Katika ubaridi, ujumbe wa jeni iitwayo rpoS hujikunja usisomeke. Joto likipanda, RNA fupi iitwayo DsrA, ambayo herufi zake zinaoana na sehemu ya ujumbe huo, hujibandika hapo na kuukunjua. Protini huanza kutengenezwa, na bakteria hujiandaa kuingia kwenye damu yenye joto.

Kipimo cha haraka cha malaria hakimwoni bakteria wa homa ya papasi. Huonekana kwa hadubini, katika damu iliyotolewa wakati homa imepanda, na dawa ya doksisaiklini humtibu mgonjwa. Basi zahanati za Kilosa na Mikumi zisiziweke hadubini kabatini, na mgonjwa ambaye homa yake inarudi aombe damu yake itazamwe.